Jumapili Nilizomtangulia Mchungaji

Kama hujawahi kusimama mbele ya kanisa na maiki mkononi, ukitafsiri mahubiri ya mtu anayeongea kwa kasi, basi huijui raha ninayoisema. Nimezaa watoto watatu. Nimepandishwa cheo kazini. Nimeona kwaya ya shule yangu ikirudi na kikombe. Yote yalinifurahisha, sikatai, lakini hakuna lililowahi kunisisimua kama zile Jumapili asubuhi, mchungaji wetu mzee anavuta pumzi kuanza sentensi na mimi tayari nimeishika upande wa pili.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya msingi hapa Eldoret. Siku tano za wiki nasahihisha insha. Jumapili, kwa miaka kumi na mbili, nilisimama hatua moja kushoto kwa mchungaji wetu katika kanisa la mabati kule mtaa wa Huruma, nikigeuza Kiingereza chake kuwa Kiswahili. Yeye alikuwa mtu wa upande wa ziwa. Alikuja mjini akiwa kijana kufanya kazi ya mitambo kiwandani, na wito ukamkuta hapohapo. Kiswahili alikuwa nacho, cha kununulia sukuma wiki na kumkemea fundi aliyechelewa. Cha kuhubiria hakuwa nacho. Mwenyewe alisema kinamkwama kooni. Wanafunzi wa chuo na watu wa ofisi walimsikia yeye. Kina mama wa mboga, mafundi wa jua kali na wazee waliotoka mashambani walinisikia mimi.

Siku ya kwanza hakunitaka. Mkalimani aliyekuwepo alikuwa amehamia Kitale, na mchungaji alitarajia aletewe mwanamume mwenye sauti nene. Akaletewa mimi, mfupi, na sauti ya kuita watoto darasani. Alipanda mbele, akafungua sentensi moja, akaipitisha jangwani, akaivusha mto, akaikunja mara mbili, na nukta hakuweka. Watu wakaanza kunionea huruma. Nikajua huyu mzee ananitega, na mimi hasira zangu ziko karibu, mume wangu atakuambia. Nikaishika sentensi yote kutoka kichwani hadi mkiani, nikaimwaga kwa pumzi moja, na mwisho nikaongeza "Amina?" ambayo yeye hakuisema.

"Amina!" kanisa likaitikia kwa kishindo.

Mchungaji akageuka, akanitazama kutoka kiatu hadi kitambaa cha kichwa. Upande mmoja wa mdomo wake ukacheka. Kuanzia hapo tukawa na vita, na vita vyenyewe vilikuwa vitamu ajabu. Akikimbia, nakimbia. Akinong'ona ghafla ili anikute nikipiga kelele peke yangu, ananikuta nimeshanong'ona. Aliwahi kutupa mzaha mrefu wa kwao ambao alijua hautafsiriki, na mimi nikauacha palepale, nikatoa mwingine wa kwetu Burnt Forest kuhusu mtu na gunia la viazi. Nusu ya kanisa ikacheka kicheko chake na nusu ikacheka changu, kwa wakati mmoja. Watu wakaanza kuwahi viti vya mbele.

Sijui ni lini mashindano yale yaligeuka kuwa kitu kingine. Najua tu kwamba Jumapili moja niligundua sisikilizi tena kama zamani. Sikuwa nangoja amalize ndipo nifikirie. Neno lake lilikuwa bado hewani na langu limeshapata njia. Mkono wake ulipoinuka, wangu ulikuwa umefika juu. Siku moja tulikohoa pamoja, na kina mama wakacheka mpaka mmoja akatoka nje na mtoto mgongoni.

Halafu ikaja Jumapili ya mvua ya mawe.

Anayeishi hapa anajua mvua yetu, haibishi hodi. Ilishuka juu ya yale mabati katikati ya mahubiri, na muda uleule stima ikakatika, maiki zikafa. Sikusikia hata sauti yangu mwenyewe. Kanisa zima lilikuwa kelele tupu. Lakini mchungaji hakunyamaza, nami nikaona mabega yake, nikaona mdomo, nikaona alivyoegemea mguu wa kulia kama anavyofanya akikaribia jambo zito, na nikaendelea. Nilipaza sauti kwa safu mbili za mbele, wao wakawapasia wa nyuma. Kwa dakika nyingi nilitafsiri mtu nisiyemsikia.

Mvua ilipopungua, mama mmoja aliyekaa kando ya mchungaji kabisa alinijia na daftari. Alikuwa mhadhiri chuo kikuu kule Chepkoilel, mtu wa masomo ya akili na tabia, mpole, na sisi wote tulimwita Daktari. Yeye alikuwa amekaa karibu na mchungaji kiasi cha kumsikia, na alikuwa akiandika mahubiri kama kawaida yake.

"Mwalimu, hebu niambie ulisema nini pale kwa mambo ya jirani na ua," akasema.

Nikamwambia. Akasoma daftari lake. Akanitazama, akasoma tena.

"Wee! Ni hayo hayo," akasema. "Hata ule mfano wa ng'ombe. Na haukusikia kitu?"

"Sikusikia hata radi."

Tulikaa kwenye viti vya plastiki na vikombe vya chai, na Daktari akanieleza jambo ambalo lilinifanya nimwage chai yangu kwenye sketi. Akasema kuna wanasayansi wanaowavalisha watu wawili kofia zenye nyaya, kofia zinazopokea umeme mdogo wa ubongo, kisha wanawapa kazi ya kufanya pamoja: kujenga kitu, kuimba, kuzungumza. Na mara nyingi wanaona mawimbi ya ubongo wa huyu na mawimbi ya ubongo wa yule yakianza kupanda na kushuka kwa mwendo mmoja. Mtu akisimulia na mwenzake akamwelewa vizuri, ubongo wa msikilizaji unaufuata wa msimulizi nyuma kidogo tu. Na pengine, akaongeza huku akipuliza chai, sehemu fulani za ubongo wa msikilizaji hutangulia, kwa sababu msikilizaji mzuri anakisia kinachokuja.

"Na wakishindana?" nikauliza. Nilikuwa nafikiria ile sentensi ya kwanza na jangwa lake.

"Hata wakishindana inaweza kutokea. Si lazima nikufuatilie sana ndiyo nikushinde? Inategemea mchezo. Wengine wanaona kwa ushirikiano inakuwa kali zaidi, lakini mambo bado yanachunguzwa."

Mimi hiyo "bado yanachunguzwa" sikuisikia. Nilisimama, nikamwita mchungaji kutoka upande wa pili wa kanisa, nikamwambia kwa sauti ya uwanjani kwamba vichwa vyetu vina mwendo mmoja na sayansi inajua. Akauliza kama hilo ni jambo jema ama ugonjwa. Daktari akacheka, akasema kofia zenyewe hana, lakini simu anayo, na kama tunaruhusu atakuwa anarekodi mahubiri ili tusikilize nani anaanza wapi.

Tukaruhusu. Akarekodi karibu mwaka mzima.

Jinsi nilivyokuwa mwaka ule, namshukuru Mungu sikufukuzwa nyumbani. Nilihubiri habari za ubongo kwenye chumba cha walimu, nikahubiri sokoni, nikamhubiria mume wangu mpaka akawa anakula ugali akiwa amegeukia dirisha. Nikimwona mama na binti yake wakipepeta maharagwe kwa mwendo mmoja, nasimama kuwaangalia. Wanafunzi wakicheza kuruka kamba, nawaambia mnajua kinachoendelea humo vichwani? Watoto wananiangalia tu. Nilijiona mtu aliyechaguliwa.

Na rekodi zenyewe zilinipa kiburi zaidi. Daktari alinichezea za mwanzo wa mwaka: mchungaji anasema, mimi nafuata, nimemkanyaga kisigino kidogo tu. Za katikati ya mwaka: tunaingiliana, sauti mbili juu ya sauti moja. Kisha za karibuni. Nikasikia kwa masikio yangu Kiswahili changu kikianza, na Kiingereza chake kikija nyuma.

"Namtangulia!" nikapiga kelele. "Daktari, umesikia? Namtangulia!"

Daktari hakupiga kelele. Alirudisha rekodi nyuma kidogo.

"Sikiliza tena, Mwalimu. Usisikilize wewe. Sikiliza yeye."

Nikasikiliza. Mchungaji anaanza kwa Kiingereza chake, "Na yule mtu aka..." Kimya. Kimya kifupi ambacho kanisani nilikuwa nimekipita mbio, nikifurahia nafasi. Ndani ya kimya hicho nakuja mimi: akarudi nyumbani kwake. Na mchungaji, kwa Kiingereza, taratibu, kama mtu anayeshika ukuta: akarudi nyumbani kwake. Daktari akacheza nyingine. Kimya, mimi, yeye. Nyingine tena. Mwaka mzima niliona vichwa viwili vikiwa kimoja, kumbe kimoja kilikuwa kinaegemea kingine kisianguke. Nilitaka kulia, na nilijikasirikia mno. Mkalimani gani asiyesikia kimya?

Nikakumbuka ibada za Jumatano, ambazo mimi siendi kwa sababu ya kazi za shule. Watu walikuwa wakisema siku hizi mchungaji anamaliza mapema, anasoma neno, anaomba, anawaruhusu waende. Walidhani anawahurumia kwa sababu ya mvua.

Nilimwendea nyumbani kwake Jumamosi, nikamkuta anapogoa ua. Sikujua nianzie wapi, na sikuhitaji kuanza.

"Umejua," akasema.

"Nimejua, Mchungaji."

"Mama watoto pia anajua. Ni sisi watatu, na Daktari wako." Akaweka panga chini. "Wale wazee wa makao makuu wanakuja mwezi ujao. Wanataka kuona kama nipewe miaka mingine ama nipumzike. Mwalimu, hii kanisa nilishika nyundo mwenyewe. Kila bati. Sitaki kutolewa kama gari bovu. Hiyo Jumapili usiniache."

Mtu aliyenitega kwa sentensi yenye jangwa na mto alikuwa ananiomba. Mngemwona alivyosimama na majani ya ua kwenye sweta. Nikamwambia nitakuwa naye mpaka amina ya mwisho. Kama ni kudanganya, nilisema moyoni, basi nadanganya, nitaongea na Mungu baadaye.

Jumapili ile kanisa lilifurika. Wazee wanne kutoka makao makuu walikaa mbele, suti nyeusi, daftari mapajani. Daktari alikuwa mahali pake. Mke wa mchungaji alikaa safu ya pili akiwa ameshika mkoba wake kwa mikono yote miwili. Mimi nilikuwa nimelala vizuri, nimekula vizuri, na miguu ilikuwa inaniruka. Ndiyo, nilikuwa na hofu, lakini nisiseme uongo, nilikuwa na furaha pia, ile ya mchezaji akisikia filimbi.

Alianza vizuri. Alihubiri juu ya foleni ya kinu cha kusaga mahindi: watu wamesimama tangu asubuhi na makopo yao, mama mmoja amefika mbele kabisa, anageuka anamwona mwenzake ana mtoto mgonjwa, anampisha. Kisa kipya, sikuwahi kukisikia. Yule mwenzake anasagiwa, anaenda zake. Zamu inamrudia mama wetu. Anainua kopo lake. Na hapo, akasema mchungaji, stima ikapotea.

Na yeye akapotea nayo.

Nilikiona kikija. Mkono wake ulibaki hewani. Macho yakaenda kwenye paa. Kanisa likadhani anatuonyesha giza la kinuni, wengine wakaanza kucheka kwa utamu wa ule uigizaji, na mzee mmoja wa suti akatabasamu. Nilikuwa na pumzi moja, mbili labda. Sikukumbuka kitu, maana hapakuwa na cha kukumbuka. Nilijua tu anakokwenda, kama nilivyojua chini ya mvua ya mawe.

"Foleni nzima ikamcheka," nikasema kwa Kiswahili. "Wakamwambia, ona sasa, wema wako umekulaza njaa."

Akanitazama. Akaisema kwa Kiingereza, yote, na sauti yake ikarudi chini mahali pake.

"Lakini mama huyo hakuondoka," nikasema.

Lakini mama huyo hakuondoka, akasema kwa Kiingereza.

Tukaenda hivyo. Mimi mbele, yeye nyuma, na katika chumba chote hakuna aliyeona tumebadilishana. Sijui nikueleze vipi. Baada ya sentensi chache hakuwa tena ananifuata tu: alianza kunisukuma. Nilisema mama alikaa chini akiwa amepakata kopo lake, naye kwa Kiingereza akaongeza kwamba alianza kuimba, na mimi nikauchukua wimbo, nikasema wengine wakauitikia, naye akawaketisha wote chini, mmoja mmoja, akamtaja mwenye kikohozi na mwenye haraka. Kisa kilikuwa chetu wawili. Hakuna aliyejua mwisho wake, na wote wawili tulikuwa tunaukimbilia. Nilitokwa na jasho hadi kiunoni. Stima iliporudi kwenye kile kinu kanisa zima lilisimama, kina mama wakapiga vigelegele, na Daktari niliyemjua kwa upole alikuwa juu ya kiti cha plastiki, viatu mkononi.

Mkubwa wa wale wazee alipanda mbele akipangusa macho. Akasema kwa Kiingereza, nami nikatafsiri kwa sauti iliyokuwa bado inatetemeka kwa furaha, kwamba hawana haja ya kikao. Mtu anayehubiri hivi si wa kupumzishwa. Wanampa miaka mitatu zaidi.

Makofi hayakuisha upesi. Mimi nilikuwa narukaruka kama msichana. Tumeshinda! Nikamgeukia mchungaji nimwone anavyofurahi.

Alikuwa amesimama wima, ametulia kabisa, ananitazama kwa upole ambao sikuwahi kuuona kwake. Akaomba maiki. Kabla hajafungua mdomo, nikajua. Nilijua kama ninavyolijua jina langu, nikatikisa kichwa nikimwambia hapana, Mchungaji, hapana.

Akasema kwa Kiingereza, sentensi fupifupi, zote na nukta zake. Watu wa ofisi na wanafunzi wakanyamaza. Mkubwa wa wazee akakaa chini. Ikawa zamu yangu, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mbili sikufungua mdomo.

"Amesema nini?" kina mama wakaanza kuulizana. "Mwalimu, amesema nini?"

Mchungaji akangoja. Angeweza kuyasema mwenyewe, Kiswahili cha sokoni kingetosha. Hakuyasema. Aliniachia kazi yangu.

Sasa, mkalimani hasemi "amesema". Mwenye maneno akisema mimi, nawe unasema mimi, ndiyo kanuni, na sikuwahi kuivunja. Nikainua maiki.

"Nimeanza kusahau," nikasema. "Leo nilipotea mbele yenu, na nikashikwa mkono. Siwezi kuwachunga kwa kichwa cha mtu mwingine. Nawapenda. Sitasimama hapa tena."

Kina mama wale, wa sukuma wiki na wa mandazi, walikuwa wamesikia mahubiri ya miaka kumi na mbili kwa sauti yangu. Walilia wakinitazama mimi. Mmoja wao, mkubwa kuliko wote, akaja mbele akiburuta mguu, akapita mbele ya mchungaji, akanishika mikono yote miwili.

"Pole sana, Mchungaji," akaniambia. "Umetulisha vizuri."

Mzee wangu, hatua moja kuliani kwangu, akainua maiki yake, akawageukia wageni, akawatafsiria kwa Kiingereza yale mama aliyoniambia. Hakukosa hata neno moja.